Kitambaa Chekundu cha Kikosi cha Mamba

Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, Ornella alichomoa fulari yake ya skauti chini ya godoro. Aliilaza hapo kila jioni, imekunjwa mara tatu, ili uzito wake yeye na wa wadogo zake wawili uinyooshe wakiwa wamelala. Kwao hapakuwa na pasi, na hata kama ingekuwapo, makaa yalikuwa ya kupikia. Fulari ilikuwa ya kijani, yenye ukingo wa njano uliofumuka kidogo upande wa kushoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushona kwa uzi mweusi kwa kuwa uzi wa njano haukupatikana. Aliivaa, akaibana shingoni kwa pete ya ngozi, akanywa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa jana.

"Mama, minye nashuka ziwani."

"Shuka na Mungu," alijibu Mama Ernestine, akipuliza moto. "Lakini kengele ya shule usiisikie ukiwa njiani. Mwalimu hatakuja kuniuliza mambo ya skauti."

Ornella alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa mkuu wa Kikosi cha Mamba katika kundi la skauti la mtaa wao, pale Kimanga. Alipita mbele ya maduka ambayo bado yalikuwa yamefungwa, akampita mama wa mandazi akikanda unga, akashuka kwenye njia ya mawe mpaka maji yalipoanzia. Zamani maji yalianzia mbali zaidi. Miaka hii ziwa lilikuwa limepanda, likameza safu nzima ya nyumba. Kuta zake bado zilisimama ndani ya maji kama meno ya mzee. Na vyoo vya nyumba zile navyo vilikuwa humo humo majini. Ndiyo sababu kipindupindu kilikuwa hakitoki mtaani. Mabomba nayo yalikuwa yamekauka tangu mvua za mwanzo, kwa hiyo watu walichota ziwani, wakijua wanachokichota.

Kazi ya Mamba ilikuwa pale penye kuchotea. Kituo cha afya kilichokuwa juu ya kilima kiliwapa dawa ya maji ndani ya bidoni nyeupe, dumu la lita tano, pamoja na bomba la sindano lisilo na ncha. Mtu akishajaza bidoni yake ya njano ya lita ishirini, skauti alivuta dawa mpaka kwenye mstari uliochorwa kwa wino, akaimimina ndani, akafunga kifuniko, akaitikisa. Kisha alimwambia mwenyewe, "Ungoje nusu saa ndipo unywe." Watu walikuwa wamezoea hata kuyaita maji yale kwa jina lake: maji ya skauti.

Chef Jean-Berchmans, seremala aliyeongoza kundi lote, alikuwa amewapa masharti matatu. Kituoni, penye kuchotea, wawe watu wawili. Dawa ikae kivulini, imefungwa. Na la tatu alilirudia kila mkutano akigonga meza kwa penseli yake ya seremala:

"Dawa ikiisha, kitambaa kinapanda. Mmoja anakimbia kuleta nyingine, mmoja anabaki kuwaambia watu. Sitaki kusikia 'tulidhani.'"

Kitambaa kilikuwa kipande cha kikwembe chekundu, kitenge cha zamani, kimefungwa kwenye mti mrefu wa mwanzi. Kikipanda, hata aliyekuwa mbali alijua kwamba maji ya saa hiyo hayana dawa, asinywe bila kuyachemsha. Na kutoka mlangoni pa karakana ya Chef, mwanzi ule ulionekana vizuri.

*

Shida ya Mamba haikuwa dawa. Ilikuwa watu.

Walipoanza walikuwa wanane. Wawili walivuka kwenda Burundi na wazazi wao siku zile za risasi, wakawa hawajarudi. Mmoja alipelekwa Lubarika kumsaidia babu yake shambani. Maneno alikuwa Makobola kwa mjomba wake, akianika ndagala, dagaa wa ziwani. Bienvenu alikatazwa na baba yake, aliyesema kwamba hajawahi kuona fulari ikichemshwa ikawa ugali. Mwingine aliacha tu, bila sababu, kama watoto wanavyoacha. Akabaki Ornella, na akabaki Riziki, binti wa miaka kumi na mmoja kutoka nyumba ya wafanyabiashara wa vitambaa, mwembamba, mwenye mbio, na mwenye ulimi usiojua kukaa ndani.

Jumatano ile mkutano ulifanyika karakana, katikati ya maranda na harufu ya gundi. Chef alikuwa amechoka. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa mahali msumeno ulipomkwaruza.

"Sikieni," alisema. "Kikosi kisichoweza kuweka watu wawili kituoni kila siku nitakivunja. Waliobaki wataingia Kikosi cha Simba. Sina muda wa vikosi vya jina tu. Ornella, Mamba muko wangapi?"

Thierry, mkuu wa Simba, hakungoja. "Karibuni kwetu, mamba bila meno! Tutawafundisha kunguruma."

Watoto wote walicheka. Ornella alihisi masikio yakiwaka moto. Kile kikosi alikuwa amekipokea kutoka kwa mkuu aliyemtangulia, dada mkubwa aliyeondoka kwenda kusoma, na aliyemwambia, "Usikiache kife mikononi mwako." Kauli ile alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

"Tuko watano, Chef," alisema. "Maneno anarudi Ijumaa."

"Watano?"

"Watano."

Chef aliandika. Hakuinua macho. Riziki alikuwa akitazama kandambili zake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona.

Njiani Riziki alianza. "Dada Ornella, hao watano bako wapi? Minye nahesabu wawili tu."

"Weye nyamaza."

"Tumwambie Chef tu. Atatusaidia."

"Atatuvunja. Hukusikia? Ukisema, Jumapili utaimba wimbo wa Simba."

Riziki alifikiri. "Ule wimbo wao ni mbaya kweli."

"Basi nyamaza."

*

Jumamosi hakuna shule, na kila nyumba huchota ya kufulia na ya Jumapili. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limetoka juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na tayari mstari wa bidoni za njano ulipanda mpaka kwenye mawe. Ornella alifika, akangoja. Badala ya Riziki alikuja mdogo wake, mtoto wa miaka mitano, akihema.

"Riziki amekwenda na mama matangani, Kalundu. Amesema umwambie Chef."

"Sawa. Rudi nyumbani."

Akabaki peke yake. Alivuta dawa, akamimina, akafunga, akatikisa. Akavuta, akamimina. Mkono ulianza kumuuma kwenye kiwiko.

"Leo skauti ni mmoja?" aliuliza mama mmoja.

"Wenzangu wanakuja."

Katikati ya mstari alisimama Koko Annie, bibi mfupi mwenye fimbo, ambaye hakuhitaji kuja lakini alikuja kila siku ili asikose habari. Alikuwa na mkwewe, Mama Célestine, na mjukuu wake Shalom, wa miaka saba. Shalom alikuwa bado hajapokea fulari. Alijifunga kipande cha kikwembe shingoni, na kila alipomwona Ornella alisimama wima, akapiga saluti ya vidole viwili. Ornella ndiye aliyemfundisha.

"Skauti wangu!" Koko Annie aliita. "Leo usinibanie dawa. Nataka niwazike nyinyi wote."

"Eh, Koko! Utuzike sisi, nani atakuchotea maji?" alijibu kijana mmoja wa pikipiki, na mstari mzima ukacheka.

Ornella naye alicheka. Kisha alivuta bomba, na bomba likavuta hewa. Akainamisha bidoni nyeupe, akaitikisa. Tone moja lilitoka, likaning'inia, likadondoka kwenye jiwe.

Alitazama mstari. Bidoni zaidi ya thelathini. Alitazama mwanzi ulioegemea ukuta, kitambaa kimeviringishwa juu yake. Kukipandisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini juu kule mlango wa karakana ulikuwa wazi. Chef angekiona kitambaa, angeshuka, angeuliza wako wapi watano. Mbele ya watu wote hawa.

"Mutoto, vipi? Jua linapanda," alisema mama wa mbele.

"Nabadilisha," alisema Ornella.

Alikwenda nyuma ya ukuta uliozama nusu, akainama, akaizamisha bidoni nyeupe ziwani. Ilijaa ikitoa mapovu. Akaitikisa, akainusa. Bado ilinukia dawa, tena sana. Labda nguvu imebaki humo, alijiambia. Labda kidogo inatosha. Na alipokuwa akijiambia hivyo alijua kwamba haitoshi, kwa sababu kituo cha afya kiliwafundisha sababu ya ule mstari wa wino, kwamba dawa ikipungua hapo haiui vijidudu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono na kuieleza.

Akarudi, akavuta maji ya ziwa, akayamimina ndani ya maji ya ziwa. Akafunga. Akatikisa.

"Ungoje nusu saa ndipo unywe," alimwambia Mama Célestine, alipofikiwa.

"Asante, mwanangu."

Shalom alipiga saluti. Ornella alijifanya anatafuta kifuniko.

Alizihesabu bila kutaka. Mpaka mstari ulipokwisha, zilikuwa thelathini na mbili.

*

Jumapili, baada ya misa, habari zilikuwa zimewatangulia watu mlangoni mwa kanisa. Shalom alikuwa ameanza kuharisha na kutapika alfajiri, maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Mpaka pikipiki ilipopatikana, Koko Annie naye alikuwa ameanguka uani. Mama Célestine alikuwa amewapeleka wote wawili kwenye mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, mmoja mgongoni, mwingine amefungwa kwa kikwembe kwa dereva ili asidondoke.

Ornella alikwenda. Hakujua anakwenda kufanya nini. Uani kwa Mama Célestine palikuwa na majirani sita au saba, wamesimama jinsi watu wanavyosimama penye msiba ambao bado haujaitwa msiba. Jirani mmoja, Mama Mapendo, alikuwa amebeba mtoto wake mchanga begani. Mtoto alikuwa akilia kwa joto. Mama Mapendo alikwenda penye bidoni ya njano mlangoni, akainamisha, akajaza kikombe cha plastiki.

"Hayo maji umeyaangalia?" aliuliza mwenzake.

"Haya ni maji ya skauti, ya jana. Haina shida."

Akampelekea mtoto kikombe mdomoni.

"Usimpe!"

Watu waligeuka wote pamoja. Ornella mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake.

"Juu ya nini nisimpe?" aliuliza Mama Mapendo. "Si ni nyinyi mlioyatia dawa?"

Fulari ilikuwa shingoni mwake. Aliishika ncha zake mbili. Angeweza kusema bidoni ilikuwa chafu. Angeweza kusema lolote, na wangemwamini, na hapo ndipo palipomtisha zaidi.

"Haina dawa," alisema. "Dawa iliisha. Nilitia maji ya ziwa. Minye peke yangu. Nilitia bidoni thelathini na mbili."

Mama Mapendo alimwaga kikombe chini, taratibu, kana kwamba kingeweza kumuuma. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kimbia kwa Chef wako. Kimbia, usisimame hapa."

*

Chef Jean-Berchmans alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake akinoa randa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Ornella alingoja apigwe, au afukuzwe, na alitamani lolote kati ya hayo lije upesi.

"Za nani?" aliuliza Chef.

"Chef?"

"Bidoni. Thelathini na mbili. Za nani? Sema nyumba moja moja."

Alizisema. Alishangaa kwamba alizikumbuka zote: ya mama wa mandazi, ile yenye kifuniko cha buluu, zile mbili za fundi cherehani Papa Evariste, ile iliyofungwa kamba ya mgomba. Chef aliandika juu ya ubao kwa penseli yake, kisha akampigia Thierry simu. Haikupita robo saa, Simba wote walikuwa wamefika na filimbi zao, na Riziki pamoja nao, macho mekundu. Thierry hakutania. Alisema tu, "Sisi tunashika upande wa juu."

"Ornella anashika upande wa chini pamoja nami," alisema Chef. "Na kila mlango atasema mwenyewe."

Nyumba ya kwanza waliyakuta maji yamebaki nusu, wakayamwaga. Ya pili yalikuwa yamekwisha. Waliacha chumvi za kuongezea maji mwilini na kuwaeleza dalili. Ya tatu mwanamke alimfungia mlango usoni, kisha akaufungua tena ili aulize kama mtu aliyechemsha yuko salama. Kijana wa pikipiki aliyemtania Koko Annie alikaa tu juu ya kiti cha pikipiki yake na kushika kichwa.

Papa Evariste alizitoa bidoni zake mbili mpaka barabarani. Alizimwaga moja moja, mbele ya miguu ya Ornella, mpaka matope yakafika kwenye kandambili zake.

"Kuni ni shida," alisema. "Nilimwambia mke wangu, tusisumbuke kuchemsha, watoto wa skauti wako pale chini. Hivyo ndivyo nilivyomwambia."

Ornella alisema, "Nisamehe, Papa." Ilikuwa mara ya kumi na nne kuyasema maneno hayo siku ile, na yalikuwa hayajawa mepesi.

Katika nyumba zile walipatikana wagonjwa watatu wengine. Wote watatu walifikishwa kwenye mahema mapema, na wote watatu walipona. Shalom aliwekewa chupa za maji ya mshipani siku tatu, akarudi nyumbani amekonda, macho yameingia ndani.

Koko Annie alifariki Jumatatu asubuhi.

Hakuoshwa na watoto wake kama desturi. Watu wenye glavu na viatu vya mpira walimnyunyizia dawa, wakamfunga ndani ya mfuko mweupe, wakamzika siku ile ile. Hapakuwa na matanga, hapakuwa na sufuria kubwa motoni, na watu hawakushikana mikono. Ornella alisimama mbali, karibu na barabara. Aliona ile fimbo imeachwa kwenye ua wa Mama Célestine, imeegemea mlango, mahali pake pa siku zote.

*

Fulari aliifunga ndani ya gazeti, akaisukuma nyuma ya gunia la makaa. Hakwenda tena ziwani wala kwenye mkutano. Shuleni alikaa benchi la mwisho. Mama Ernestine alimtazama siku nane, akimwachia chakula ambacho hakikuliwa. Siku ya tisa akampigia Chef simu.

Chef alikuja mchana, akakaa kwenye kigoda, akapewa maji. Aliyatazama kidogo ndani ya kikombe kabla ya kuyanywa. Ornella aliona.

"Nimesikia umeacha," alisema Chef.

"Ndiyo, Chef."

"Kwa nini?"

"Nimemuua Koko Annie."

Mama Ernestine aliacha kutwanga. Chef hakukimbilia kumfariji.

"Hilo minye siwezi kukwambia ndiyo, wala siwezi kukwambia hapana," alisema. "Koko alikuwa anakunywa maji popote, kila uani anapewa kikombe. Daktari mwenyewe hajui. Wewe hutajua. Itabidi uishi bila kujua, na hiyo ni ngumu kuliko kujua. Sitakudanganya kwamba itapita."

Ornella alilia, bila sauti.

"Lakini nina langu pia la kusema. Mimi niliwatisha. Nilitaka hesabu, nikaambiwa hesabu: watano. Karakana yangu inatazama kituo chenu. Ningeshuka asubuhi moja tu, ningeona mtoto mmoja anafanya kazi ya wawili. Sikushuka. Nilingoja kitambaa. Mkuu anayevunja kikosi kwa kuwa watoto wamepungua anawafundisha watoto kuficha. Hilo nimelisema mbele ya wazazi wote Jumamosi, na nalisema hapa mbele ya mama yako."

"Basi kikosi kimekufa," alisema Ornella.

"Mamba imeungana na Simba. Thierry ndiye mkuu. Na tumeomba wazazi. Mama wanne wa pale mtaani wamekubali kusimama na nyinyi kwa zamu. Tulipaswa kuwaomba tangu mwanzo. Weye hutakuwa mkuu wa mtu yeyote. Utatikisa bidoni. Utakimbia kuleta dawa. Hiyo ndiyo nafasi iliyopo."

"Watu hawatanitaka pale."

"Wengine hawatakutaka. Ni haki yao." Chef alisimama, akajipangusa maranda ambayo hayakuwepo. "Ukikaa humu ndani, mtaa umepoteza Koko Annie na umepoteza skauti anayejua, kuliko sisi wote, kwa nini ule mstari wa wino upo. Fikiri. Kesho saa kumi na mbili."

Chef alipoondoka, Mama Ernestine aliinuka. Alikwenda nyuma ya gunia, akaitoa fulari, akaikung'uta vumbi la makaa nje ya mlango, akaifua, akaianika. Jioni aliilaza mwenyewe chini ya godoro.

*

Juma la kwanza watu wengine walimpita Ornella, wakampelekea Riziki bidoni zao. Aliwaachia wapite. Alitikisa za wale waliokubali. Chef alishuka kila asubuhi, akasalimu, akahesabu vichwa kwa macho yake mwenyewe, akarudi kwenye mbao zake. Maneno alirudi kutoka Makobola ananuka ndagala mwili mzima, na Thierry akamwambia asimame upande ambao upepo utaipeleka harufu yake kwa maadui. Watu walicheka kidogo. Ornella hakucheka, lakini alisikia.

Jumamosi ya tatu mstari ulikuwa mrefu tena. Riziki alivuta bomba, na bomba likavuta hewa. Akainua macho.

Ornella alikuwa tayari amekwisha shika mwanzi. Aliuchomeka kati ya mawe, akafungua kamba, na kitambaa chekundu kikafunguka, upepo wa ziwa ukakishika. Riziki alichukua bidoni nyeupe na mbio zake zile, akapanda kilima.

"Dawa imeisha," Ornella aliwaambia watu kwa sauti. "Anayetaka dawa angoje. Anayekwenda, achemshe kabla ya kunywa."

"Tena?" alilalamika mama wa mandazi. "Unga wangu unaumuka huko peke yake! Hawa watoto kila siku hakuna, hakuna."

Mstari ulinung'unika. Kisha mtu mmoja akatoka katikati yake, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa Mama Célestine. Tangu mazishi alikuwa hajasimama kwenye kituo hiki. Alikuwa akichota mbali, upande wa pili. Shalom alikuwa nyuma yake, ameshika kikwembe chake.

Aliiweka bidoni yake chini, karibu kabisa na mwanzi, akaikalia.

"Mama wa mandazi, kaa chini upumzike," alisema. "Siku ile nilitamani kuambiwa hakuna. Ningenung'unika kama weye, ningerudi nyumbani nichemshe, na leo ningekuwa nanung'unika bado, na mama mkwe wangu ananiuliza kwa nini nimechelewa." Halafu akamgeukia Ornella, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Na nyinyi watoto bote mulio hapa, musikie. Mtu akikuja kwenu anawaamini, hajafuata jibu zuri. Amefuata la kweli. Mukikosa, museme mumekosa, hata kama ni aibu. Aibu inakaa siku mbili tatu. Minye najua ni nini kinakaa zaidi."

Ornella alitaka kujibu, lakini alichokuwa nacho kilikuwa ni "nisamehe" tu, na hilo alikuwa amekwisha kulisema mlangoni kwake, mara mbili. Aliinamisha kichwa. Mama wa mandazi alishusha bidoni yake, akaikalia. Nyuma yake mwingine akakaa, na mwingine.

"Mama," Shalom aliuliza, "tungoje mpaka lini?"

"Mpaka dada yako akishushe kile kitambaa."

Shalom hakupiga saluti. Alikaa kwenye jiwe karibu na mwanzi, akainua uso wake uliokonda, akakitazama kitambaa. Ornella alisimama upande wa pili, mkono kwenye mwanzi ili upepo usiuangushe, mpaka Riziki alipoonekana juu ya njia, akishuka mbio, bidoni nyeupe imekumbatiwa kifuani.